Magimbi ya Mnada

Kila sikukuu ya mavuno tunapokea madhabahuni magimbi na ndizi, kisha tunavinadi nje ya kanisa kwa shangwe. Hatuulizi vimelimwa wapi. Vingine vimetoka ukingoni mwa mto, ndani ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazikinga. Kulima pale ni kumwibia jirani wa chini, nasi tumeubariki wizi huo, tena kwa kwaya.

Mto Zigi hutoka milima ya Amani hadi bwawa la Mabayani. Ndiyo maji ya jiji la Tanga, ndiyo tunayobatizia watoto wetu. Kingo zikilimwa, tope hujaa bwawani. Utupa ukitiwa mtoni, samaki hufa pamoja na vifaranga vyao. Wakulima wa UWAMAKIZI, huko Kihuhwi na Zigi, wanapanda miti kandokando ya maji. Wao wanaacha shamba. Sisi wa mjini twafungua bomba tu.

Tutaambiwa kanisa lisiingilie riziki za watu. Mbona pombe yao tunaiingilia? Fedha za mnada zinunue miche ya kingo hizo. Na wazee wa kanisa waanze kupima mita 60 katika shamba la usharika.