Mnazindua kwa ngoma, mnasasisha kimya kimya: Mtoto wa Momba asome vipi?

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Tunduma

HAKUNA kitu wakubwa wa nchi hii wanachokipenda kama uzinduzi. Mkanda unakatwa, ngoma inapigwa, kamera zinamulika, mgeni rasmi anabonyeza kitufe cha kompyuta na kutangaza kwamba kuanzia leo mtoto wa Kitanzania atasoma popote alipo kwa njia ya mtandao. Watu wanapiga makofi, wanakula pilau, wanapanda magari yao wanaondoka.

Lakini ndugu msomaji, umewahi kualikwa kwenye sherehe ya kurekebisha programu? Umewahi kumwona waziri akikata mkanda kwa sababu somo la Fizikia sasa linafunguka haraka kwenye simu ya bei ya chini? Hujawahi, na usitegemee. Kazi hiyo haina ngoma wala pilau. Lakini ndiyo kazi inayoamua kama elimu ya mtandao itaishi au itakufa, na kama ni elimu ya wote au ni ya watoto wa vigogo wa Masaki na Mikocheni.

Apdeti ni nini hasa?

Kwa wasiojua, programu ya kujifunzia haiandikwi siku moja ikaisha. Mafundi huiandika, huijaribu, huitoa. Baada ya miezi kadhaa hurekebisha makosa, huziba mianya ya wezi wa mtandaoni, huongeza masomo, kisha hutoa toleo jipya. Hiyo ndiyo vijana wanaiita apdeti. Ni kazi ya lazima. Programu isiyorekebishwa ni kama lori lisilofanyiwa sevisi, na hapa Tunduma, kwenye foleni ya kwenda Nakonde, hatuhitaji mtu wa kutueleza mwisho wa lori la namna hiyo.

Utata unaanzia hapa. Kila toleo jipya lina masharti yake. Linataka nafasi zaidi kwenye simu, linataka bando, na mara nyingi linataka simu mpya kuliko uliyonayo. Mfano uko wazi kwa dunia nzima. Agosti 2025 kivinjari cha Chrome, ambacho wengi wetu tunakitumia kufungulia tovuti, kilitoa toleo la 139 linalodai simu iwe na Android 10 au zaidi. Android 10 ilitoka mwaka 2019. Maana yake ni kwamba simu iliyobaki na Android 8 au 9 haitapata tena toleo jipya la kivinjari hicho. Simu haikuharibika. Kioo kizima, betri zima. Imestaafishwa na watu walio mbali kabisa na hapa.

Sasa jiulize simu za mitumba zinazouzwa sokoni Tunduma ni za mwaka gani. Jiulize mkulima wa kahawa wa Mbozi, mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Mkwajuni au mfugaji wa Kamsamba atabadilisha simu mara ngapi ili mwanawe asome. Na tukumbuke kwamba wanafunzi wetu hawaruhusiwi kwenda na simu shuleni. Simu wanayosomea ni ya baba au mama, jioni, kama ina chaji na kama ina salio. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Fundi aliyekaa ofisini Dar es Salaam kwenye intaneti isiyokatika anaona megabaiti 80 ni kitu kidogo. Kwa kijana wa Ivuna, hilo ni bando la siku nzima.

Mtaala umebadilika, simu haijabadilika

Watu watasema basi mwenye simu ya zamani abaki na toleo la zamani. Wangekuwa na hoja kama masomo yenyewe yangekuwa yamesimama. Hayajasimama! Januari 2024 nchi yetu ilianza kutumia mtaala mpya kwa awamu, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la Mwaka 2023. Hata sera, kumbe, ina toleo. Kiingereza sasa kinafundishwa tangu darasa la kwanza, elimu ya msingi inakuwa miaka 6 badala ya 7, somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia, na sekondari ina mkondo wa amali.

Kwa hiyo mtoto aliyekwama kwenye toleo la zamani hakosi tu rangi nzuri na vitufe vipya. Anasoma mada zilizoondolewa, na zile atakazoulizwa kwenye mtihani hana. Anajitahidi usiku kucha, kumbe anajitahidi upande usio wake. Matokeo yakitoka tunasema watoto wa mikoa ya pembezoni ni wavivu!

Dawa yake inajulikana kwa mafundi wote duniani. Tenganisheni programu na masomo. Programu ibaki ileile, nyepesi, inayofanya kazi kwenye simu ya zamani. Masomo yaje pembeni vipande vipande, maandishi kwanza, picha baadaye, video kwa anayezimudu. Mtoto wa kidato cha pili achukue sura moja ya Baiolojia bila kulazimishwa kupakua shule nzima.

Taasisi ya Elimu Tanzania imefanya jambo la maana kuweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Inaendesha pia mfumo wa kujifunzia wa walimu walio kazini, chini ya mpango wa MEWAKA. Tunawapongeza, hatuna choyo. Na Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022. Swali letu ni moja. Kifaa cha 2022 kinazeeka kila siku. Je, kuna fungu la kuhakikisha mifumo hiyo itaendelea kufunguka kwenye vishikwambi hivyo mwaka 2027 na 2028? Au tutangoja mpaka viwe vibao vya kukatia vitunguu ndipo tuzindue vingine?

Tanga walionyesha njia

Asituambie mtu kwamba haiwezekani. Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000 waliokuwa hawaendi shule walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya dunia ya Global Learning XPRIZE. Vifaa vilichajiwa kwa umeme wa jua. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10. Angalia jambo lenyewe: programu ilipimwa kijijini, kwa mtoto asiye na mwalimu, na hukumu ikatoka huko. Ukumbi wa hoteli haukuulizwa kitu.

Wako wengine. Kolibri ni mfumo wa kujifunzia uliotengenezwa makusudi kwa shule zisizo na intaneti. Masomo huja kwenye flashi, kompyuta moja ya shule ikawagawia wanafunzi wote darasani, na toleo jipya husafiri kwa njia hiyohiyo. Shule Direct ya hapa kwetu iliwahi kuwa na Makini SMS, maswali na majibu kwa ujumbe mfupi. Kenya wana Shupavu 291 ya Eneza, inayoingia hata kwenye kitochi. Aliyebuni vitu hivyo alianza kwa kumfikiria mwenye simu ndogo.

Wataalamu watatujibu kwamba toleo la zamani ni hatari, lina mianya ya wezi. Ni kweli, hatubishi. Lakini kuziba mwanya ni kazi moja, na kuongeza madoido ni kazi nyingine. Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vikuu vingi duniani, hutoa toleo jipya kila baada ya miezi 6, na tarehe hutangazwa mapema. Lakini toleo lake la 4.5, lililotoka Oktoba 2024, limeahidiwa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2027. Miaka 3! Asiyetaka kuhama haraka analindwa palepale alipo.

Siku intaneti ilipozimwa

Kuna jambo jingine ambalo wengi wanaliogopa kulitaja. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Yametokea mengi mazito siku zile, nayo yana mahali pake pa kusemewa. Hapa nazungumzia dogo tu. Zilikuwa zimebaki wiki chache kufikia mtihani wa kidato cha nne. Kijana ambaye vitabu vyake vyote viko mtandaoni alibaki na kioo cheusi. Serikali ileile inayowaambia wananchi wasome kwa mtandao ndiyo yenye swichi ya mtandao. Kama mnataka tuuamini mfumo wa kujifunzia, basi utengenezwe usomeke hata siku mnapozima.

Ni nani wanaoumia zaidi? Si wenye shule nzuri. Ni kijana aliyeacha shule akapakia mizigo mpakani, sasa anasoma QT usiku. Ni binti aliyejifungua, ambaye tangu Novemba 2021 ameruhusiwa kurudi shuleni lakini amepitwa na masomo na anayafuata kwa simu ya shangazi yake. Kwa hao, programu iliyogoma kufunguka haina mbadala. Hawana twisheni wala mwalimu wa kumwita nyumbani.

Tunachodai

Kwanza, toleo lolote la mfumo wa kujifunzia unaolipiwa na fedha za umma lisitoke kabla halijajaribiwa Momba, Ileje na mahali kama huko, kwenye simu walizonazo watu. Litolewe kwa awamu, na likileta balaa lirudishwe. Inawezekana. Aprili 2021 vifurushi vya simu vilipobadilishwa, wananchi walipiga kelele na vya zamani vikarudishwa haraka. Kama bando linaweza kurudi, programu ya shule inashindwaje?

Pili, watumiaji waambiwe mapema, kwa Kiswahili cha kueleweka, nini kimebadilika na kitakula megabaiti ngapi. Miezi ya mitihani isiguswe, isipokuwa kwa marekebisho ya usalama.

Tatu, kila sekondari na kila kituo cha walimu kiwe na nakala ya masomo isiyotegemea intaneti, ipelekwe upya kila muhula. Gari la kupeleka mitihani linafika kila mahali. Flashi nalo itashindwa kuibeba?

Nne, kusoma kitabu cha kiada cha Serikali kusile bando, kwa mtandao wowote ule. Vodacom na e-Fahamu yao wameshaonyesha kwamba inafanyika. Mei 2023 zilisainiwa hati za kujenga minara 758 vijijini. Mnara ni jambo jema, lakini mnara bila bando ni pambo.

Tano, na hili ndilo kubwa, bajeti ya Wizara ya Elimu ionyeshe kwa shilingi fungu la kutunza mifumo hii kila mwaka, mbali na fungu la kuizindua. Wabunge wanaotoka Songwe wana kazi ya kufanya hapo. Wasimame waulize swali moja tu: toleo la mwisho la mfumo wa kusomea watoto wetu limetoka lini, na limejaribiwa kijiji gani? Waziri akikosa jibu, wananchi watakuwa wamejua.