Mteja hapatikani, au njia zimejaa?

Mwalimu wa wadi ya Lopur, karibu na Kakuma, anapompigia mzazi aliyeko Lodwar kumwarifu kwamba mwanawe ni mgonjwa, na simu isipite, huenda akaambiwa maneno ambayo Wakenya wameyakariri: "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Mwalimu huamini kwamba mzazi amezima simu. Yamkini anamsingizia.

Wanafunzi wa sarufi na waitazame sentensi hiyo. Kiima chake ni mteja, na kitenzi kimo katika kauli ya kutendeka, ile isiyomtaja mtendaji. Kikombe kimevunjika, aliyekivunja hatumjui. Vivyo hivyo mteja hapatikani, na aliyeshindwa kumpata hatajwi. Kampuni imejitoa katika sentensi, lawama ikabaki kwa mteja. Mitaani mtu asiyepatikana kwa simu husemwa kuwa "yuko mteja". Neno la heshima ya biashara limegeuzwa jina la mtoro.

Ajabu ni kwamba mitambo yenyewe hujua mengi zaidi. Simu inapotoka kampuni moja kwenda nyingine, sauti haitangulii. Hutangulia ishara, zipitazo njia yao mbali na njia ya maongezi. Mtambo wa huku hupeleka nambari inayotafutwa. Wa kule hujibu kwamba simu inalia, kisha huarifu inapopokewa, na hapo ndipo malipo huanza kuhesabiwa. Simu ikishindikana, hurudishwa ishara ya kuivunja pamoja na tarakimu ya sababu, kwa mujibu wa jedwali la ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Katika jedwali hilo, 17 ni mtu aliye na maongezi mengine. 19, simu imelia isipokewe. 20, simu imezimwa au iko nje ya mtandao. Inayonishughulisha zaidi ni 34: hakuna njia iliyo wazi. Yaani mzazi yupo, simu i mkononi, ila njia zimejaa. Ipo hata 127, itumikayo pale simu ilipopitia mtandao ambao hautoi sababu. Jirani amenyamaza, basi.

Sababu hizo zikivuka mpaka wa kampuni, mpigaji husikia kile ambacho mtambo wake umepangwa kukifasiri. Fasiri ikiwa ya kivivu, 20, 34 na 127 zote huishia katika sentensi moja. Kwa mwalimu wetu tofauti si ndogo: akijua njia zimejaa, atajaribu tena baada ya dakika tano, akidhani simu imezimwa, atamtafuta mtu wa kumtuma mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja.

Tangu Kencell iingie sokoni mwaka wa 2000 kushindana na Safaricom, mabishano baina ya kampuni yamekuwa zaidi juu ya fedha. Mwaka wa 2010 ada ambayo kampuni hulipana kwa kupokeleana simu ilishushwa kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, na vita vya bei vikafuata. Ni vyema. Mwaka wa 2011 wateja waliruhusiwa kuhama na nambari zao, hivyo tarakimu za mwanzo hazimwonyeshi tena mpigaji anaelekea mtandao gani. Hata kukisia kosa liko wapi hawezi.

Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo hupima ubora wa huduma za simu, haina budi kuupima pia ukweli wa matangazo haya. Iziagize kampuni zipashane sababu bila kuzificha, na kila sababu ipewe sentensi yake. "Njia zetu zimejaa, tafadhali jaribu tena baada ya muda mfupi" ni Kiswahili chepesi, na kina mtendaji. Na kule Lopur, mbona mpigaji asipewe hiari ya kuisikia kwa Kiturkana?