Dozi ya pili ni ya mwanamume

Mwanamke anapofika kwenye dirisha la duka la dawa na kunong'ona kwamba anatoa harufu "huko chini", mara nyingi huondoka na vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni na ushauri mmoja: dada, ongeza usafi. Vyote viwili havimfai. Shombo kama la samaki linalozidi baada ya tendo la ndoa, pamoja na majimaji mepesi ya kijivu yasiyowasha sana, kwa kawaida si fangasi bali ni vajinosisi ya bakteria. Uke wenye afya hukaliwa na laktobasili, ndugu wa bakteria wanaogandisha mtindi, ambao hutengeneza asidi inayowazuia wengine wasistawi. Wakipungua, bakteria wasiohitaji oksijeni, gadinerela akiwa kinara wao, hujaa na kujifunika utando ambao dawa huupenya kwa shida. Anayejiosha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu huwamaliza walinzi wenyewe, kwa hiyo usafi anaohimizwa waweza kuwa sehemu ya tatizo.

Dawa ipo: metronidazoli miligramu 500 mara mbili kwa siku, kwa siku 7, au krimu ya klindamaisini. Dalili huisha kwa wengi, kisha zaidi ya nusu yao huugua tena ndani ya mwaka, na lawama humrudia yule yule mwanamke. Nadhani tumekuwa tukimtibu mtu mmoja kwa ugonjwa wa wawili. Bakteria hao huishi pia kwenye ngozi ya uume na ndani ya mrija wa mkojo. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha jozi 164 za wapenzi wasio na wenza wengine. Katika kundi moja alitibiwa mwanamke tu; katika jingine mwanamume naye alimeza metronidazoli na kupaka klindamaisini kwenye uume kwa siku 7. Baada ya wiki 12, ugonjwa ulikuwa umewarudia wanawake 63 katika kila 100 wa kundi la kwanza, na 35 tu wa kundi la pili. Jaribio lilikatishwa kabla ya wakati, kwa kuwa tofauti ilikuwa wazi mno.

Watakaopinga watasema majaribio ya zamani ya kuwatibu wanaume hayakuzaa matunda. Ni kweli, lakini wanaume wale walipewa dawa za kumeza tu. Ngozi ya uume haikupakwa kitu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wengi wa wanaume wa Australia hawakuwa wametahiriwa, ilhali wengi wa kwetu wametahiriwa. Hapo nakubali kwamba tunahitaji jaribio letu wenyewe. Hata hivyo, utafiti wa Rakai, Uganda, ulionyesha kwamba wake wa waliotahiriwa walipata tatizo hili kwa uchache zaidi, bila kuliepuka kabisa. Kama mwanamume hahusiki, tohara yake ingempunguzia nini mkewe? Kuhusu usugu wa dawa, mwanamke anayerudia dozi mara tatu kwa mwaka humeza antibayotiki nyingi kuliko wawili waliotibiwa mara moja wakapona.

Linalobaki ni la nyumbani. "Nawe umeze dawa" ni maneno yanayoweza kuzua ugomvi wa usiku kucha, maana mume atasikia tuhuma ya uzinzi. Ugonjwa huu hausemi nani katoka nje ya ndoa. Huwapata hata walio waaminifu, na kuuacha kuna gharama, kwani huongeza hatari ya kuambukizwa VVU na ya kujifungua kabla ya wakati. Kliniki zetu zimezoea kuwaita wenza kwa ajili ya kaswende na kisonono. Kwa ugonjwa huu, wito uwe na maneno mengine, na uyatamke muuguzi mume akiwa amekaa pale pale kwenye benchi, asiachiwe mke kuyabeba hadi nyumbani pamoja na vidonge.