Gia za otomatiki za magari ya kale zahukumiwa kabla ya kupimwa

WAMILIKI wa magari ya kale, hasa Mercedes-Benz za miaka ya 1970 na 1980 ambazo bado huonekana katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, hufikia kwa haraka uamuzi mmoja pindi giaboksi ya otomatiki inapoanza kusumbua: kuing'oa na kufunga mahali pake gia ya mkono, ile ambayo mafundi wengi huiita manyuo.

Kwa kuutazama juu juu, uamuzi huo una mantiki. Spea za otomatiki za umri huo ni adimu, fundi anayeweza kuifungua giaboksi ya namna hiyo na kuirudisha ikiwa kamili ni wa kuhesabika, ilhali gia ya mkono inaeleweka na kila fundi aliyewahi kulala chini ya Peugeot 504 au Land Rover.

Tatizo basi haliko katika kubadili gia kwenyewe. Liko katika mpangilio wa hatua, kwani hukumu hutolewa kwanza na uchunguzi haufanyiki kabisa. Mmiliki hujikuta amelipa fedha nyingi kutibu ugonjwa ambao pengine haukuwapo, na wakati mwingine huondoka gereji akiwa na gari lenye hatari ambayo halikuwa nayo lilipoingia.

Suala hili si la Afrika Mashariki peke yake, ila sababu zake hutofautiana. Nchini Marekani, ambako kampuni ya General Motors ilianza kuuza magari yenye gia ya otomatiki ya Hydra-Matic kuanzia mwaka 1939, magari mapya yenye gia za mkono sasa hayafiki hata asilimia mbili ya mauzo. Volkswagen iliiondoa gia ya mkono katika Golf GTI kuanzia toleo la mwaka 2025.

Kama ilivyo kwa kila kitu kinachoanza kuadimika, thamani yake imepanda. Toyota iliirudisha Supra sokoni mwaka 2019 ikiwa na otomatiki pekee, na baada ya malalamiko ya wapenzi wa gari hilo ikatangaza toleo la gia ya mkono mwaka 2022. Porsche nayo iliitoa 911 GT3 ya mwaka 2013 bila pedali ya klachi, ikairudisha pedali hiyo mwaka 2017.

Upepo huo ndio unaovuma katika soko la magari ya kale la Ulaya na Marekani. Wenye Jaguar E-Type za viti vinne, zilizoanza kuuzwa na otomatiki mwaka 1966, na wenye Ferrari 400 ya mwaka 1976, gari la kwanza la kampuni hiyo kupewa otomatiki, huwalipa mafundi wabadilishe gia kwa sababu mnunuzi wa kesho atatoa bei kubwa zaidi. Kwao ni suala la starehe na hesabu ya faida.

Kwa mwenye gari la kale Kariakoo au Likoni hesabu ni nyingine. Anachotaka ni gari litembee.

Historia inaeleza kwa nini. Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, magari mengi yaliyotumika katika ukanda huu, kuanzia Peugeot 404 na 504, Datsun, Volkswagen Kombi hadi Land Rover, yalikuwa ya gia za mkono, na ufundi uliorithishwa kutoka kwa fundi mkuu kwenda kwa mwanafunzi wake ulikuwa wa gia hizo. Wimbi la magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi yakiwa ya otomatiki, liliongezeka katika miaka ya 1990 biashara ilipolegezwa. Nayo hayakumlazimisha fundi kujifunza kufungua giaboksi, kwa kuwa iliyoharibika ilitolewa nzima na kuwekwa nyingine iliyotoka Japani vilevile. Mercedes ya mwaka 1979 haina bahati hiyo.

Mfano mzuri ni aina inayofahamika kwa namba ya kiwandani ya W123, iliyoingia sokoni mwaka 1976 na kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1980, ambapo karibu magari milioni 2.7 yalitoka kiwandani. Liliuzwa na gia ya mkono au otomatiki, na matoleo ya dizeli ya 200D, 240D na 300D ndiyo yaliyojijengea sifa ya kutochoka.

Otomatiki ya gari hilo haina kompyuta. Huamua ukali wa kubadili gia kwa kutumia, pamoja na mambo mengine, vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa. Katika injini ya dizeli vakyumu hiyo huzalishwa na pampu iliyofungwa mbele ya injini, ikasafirishwa kwa vijirija vya plastiki vilivyounganishwa kwa vipande vya mpira. Pampu hiyo hiyo huhudumia breki, kufuli za milango na hata kuzima injini.

Baada ya miaka 40 ya joto na vumbi, mipira hiyo hupasuka. Vakyumu inapopungua, gia huanza kuingia kwa kishindo kana kwamba gari limegongwa nyuma, na ikiwa mpangilio wake umeharibika kwa upande mwingine, injini hupanda mlio kabla gia haijashika. Dereva husikia kishindo, fundi husikia kishindo, na wote wawili hukubaliana kwamba giaboksi imekwisha.

Dalili ya kuwaonya ingekuwapo mlangoni. Gari ambalo kufuli zake hazifungi kwa pamoja, au injini yake inaendelea kunguruma kwa sekunde kadhaa baada ya ufunguo kuzimwa, linasema wazi kuwa linavuja vakyumu. Mipira ya kuziba uvujaji huo ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika gari zima.

Kosa la pili ni la mafuta. Kiwango cha mafuta ya otomatiki hupimwa injini ikiwa inanguruma, ikiwa imepata joto, na gari likiwa tambarare. Aliyezoea kupima mafuta ya injini huizima kwanza, na hapo sehemu ya mafuta yaliyokuwa yakizunguka hurejea chini kwenye bakuli, hivyo kijiti huonyesha yamejaa wakati gari linatembea na pungufu. Ongeza chujio ambalo halijawahi kubadilishwa tangu gari libadilishe mmiliki mara ya tatu, na diski za ndani zitaanza kuteleza na kuungua.

Wanaodai kwamba otomatiki haikuumbwa kwa barabara za Afrika wanapaswa kukumbushwa mwaka 1979. Katika Safari Rally ya mwaka huo, Hannu Mikkola wa Finland alimaliza wa pili nyuma ya Shekhar Mehta aliyekuwa na Datsun 160J. Gari la Mikkola lilikuwa Mercedes-Benz 450 SLC 5.0 yenye otomatiki ya gia tatu.

Desemba mwaka huo huo, katika mashindano ya Bandama nchini Ivory Coast yaliyokuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 5,000, magari ya aina hiyo yalishika nafasi nne za kwanza. Mikkola alishinda, Bjorn Waldegard akawa wa pili, Andrew Cowan wa tatu na Mkenya Vic Preston Jr wa nne. Kweli yalikuwa na jeshi la mafundi nyuma yao, lakini ndiyo hoja yenyewe: kilichotofautisha otomatiki hizo na zile zinazotupwa leo ni matunzo.

Hii haina maana kwamba kubadili gia ni kosa wakati wote. Injini ya 240D ya mwanzo ilikuwa na nguvu za farasi 65 tu, na sehemu ya nguvu hiyo ilipotea ndani ya torki konveta, chombo kinachotumia mafuta kupeleka msukumo wa injini kwenye giaboksi. Kwa gari la namna hiyo linalopanda milima ya Lushoto likiwa na abiria watano, gia ya mkono huleta nafuu inayoonekana, katika mwendo na katika mafuta.

Na zipo giaboksi ambazo kweli zimekufa. Mafuta yakitoka meusi, yakinuka kuungua na kuacha vipande vya chuma chini ya bakuli, hakuna mpira utakaoziokoa. Ikiwa diski na mihuri yake zinapaswa kuagizwa Ujerumani kwa gharama inayokaribia bei ya gari lenyewe, gia ya mkono ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu.

Kazi hiyo ikishaamuliwa, inakuwa kubwa kuliko maelezo ya gereji. Njia iliyo salama ni kupata gari bovu la aina hiyo hiyo lenye gia ya mkono na kuchukua kila kitu: giaboksi, kitako chake, flaiwili, diski ya klachi na kifuniko chake, pedali na fremu yake, pampu mbili za klachi, propela shafti na waya wa spidomita. Anayenunua giaboksi pekee na kuahidiwa kwamba mengine yatatengenezwa atakuwa mgeni wa gereji hiyo kwa miezi.

Flaiwili inahitaji uangalifu wa pekee. Sahani ya otomatiki iliyotolewa ilikuwa imesawazishwa pamoja na injini hiyo, kwa hiyo flaiwili inayochukua nafasi yake lazima ipigwe balansi kuifuata. Ikifungwa bila hivyo, injini hutetemeka, na mtetemo huo ukiachwa huweza kula beringi za ndani.

Lipo pia suala la difu. Magari ya otomatiki na ya gia za mkono hayakupewa difu za uwiano mmoja kila mara, na mwenye gari asiyeliangalia hilo anaweza kujikuta injini ikipiga kelele katika mwendo wa kilomita 80 au ikishindwa kuondoka mlimani.

Yote hayo ni ya fedha na usumbufu. Linalohusu uhai wa watu ni waya mmoja.

Katika gari la otomatiki, umeme wa kwenda kwenye stata hupita katika swichi inayoruhusu injini kuwaka pale tu gia ikiwa kwenye P au N. Giaboksi inapotolewa, swichi hiyo hutoka nayo, na gari haliwaki tena. Fundi mwenye haraka huunganisha nyaya mbili na kazi huhesabiwa imekwisha. Tangu siku hiyo, mtu yeyote akigeuza ufunguo wakati gia ya kwanza imeingia na klachi haijakanyagwa, gari huruka mbele. Mtoto aliyeachwa ndani na ufunguo anaweza kufanya hivyo, na kijana wa kuosha magari pia.

Linaloambatana na hilo ni kupotea kwa P. Dereva aliyezoea kwa miaka 20 kuweka gari kwenye P, ambapo chuma ndani ya giaboksi hulizuia lisiserereke, hakuwa na haja kubwa ya breki ya kuegeshea, na katika magari mengi ya umri huo breki hiyo haijakazwa kwa muda mrefu. Kubadili gia bila kuitengeneza breki hiyo ni kuliacha gari likining'inia kila linapoegeshwa kwenye mteremko. Dawa yake ni ndogo: swichi ya pedali ya klachi iunganishwe kwenye waya wa stata, na breki ikaguliwe kabla gari halijakabidhiwa.

Jambo moja la kuchekesha kidogo ni kwamba anayeikimbia otomatiki ya W123 kwa sababu ya mafuta yake hayakwepi. Gia ya mkono ya gari hilo hutumia mafuta yale yale ya ATF. Wengi huijaza mafuta mazito ya gia za kawaida, kisha hulalamika kwamba asubuhi gia ni ngumu kuingia.

Inabaki thamani. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30 na likiwa limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria. Nchini Ujerumani, namba ya usajili ya magari ya kale iliyoanzishwa mwaka 1997 nayo hutazama uhalisia, na mabadiliko ya zama za gari lenyewe huvumiliwa zaidi kuliko ya kisasa. W123 iliyofungwa gia ya mkono ya W123 nyingine ina hoja ya kujitetea. Iliyofungwa giaboksi ya pikapu ya Kijapani kwa kuchomelea haina.

Anayelitaka gari la kazi hatajali. Lakini wapo wanaoanza kuyatazama magari haya kwa jicho lingine, na jijini Nairobi maonyesho ya Concours d'Elegance, yanayofanyika tangu mwaka 1970, yamekuza tabaka la wanunuzi wanaofungua boneti na kuuliza maswali.

Kwa wanunuzi hao, giaboksi ya zamani iliyomwagwa mafuta, ikazibwa matundu na kuhifadhiwa stoo pamoja na risiti za kazi iliyofanyika, huuzwa pamoja na gari. Iliyokwisha kupimwa kwa kilo na muuza chuma chakavu hairudi, na bei ya gari hapo hupangwa na mnunuzi.