Swichi Haina Hatia Mpaka Ipimwe

Najua wengi mko kwenye msuli, UE inabisha hodi na madesa yamejaa mpaka chini ya mto, kwa hiyo sitawachosha sana. Ila kuna jambo la hosteli linanikereketa na bora niliseme sasa kabla pesa haijatutoka.

Msimamo wangu ni huu: tusitoe hata shilingi moja ya mchango mpya wa jenereta mpaka mtu atuonyeshe vipimo. Jamani sijasema tusichange. Nasema tupimiwe kwanza, halafu ndiyo tuambiwe cha kununua.

Kwa wale mnaokaa ndani ya kampasi na hamjui shida zetu sisi wa mtaani: jenereta yetu ni ya dizeli, iko kwenye kibanda nyuma ya jengo. Swichi ya kuiwashia iko ukutani kwenye korido, jirani na chumba cha mlinzi, na waya unaotoka pale mpaka kibandani ukiufuata kona zake zote ni kama mita 40. Iliwekwa hivyo ili umeme ukikatika saa nane za usiku mzee wetu asitoke na tochi kwenye mvua. Anabonyeza tu, stata inazunguka, chumba cha kujisomea kinawaka. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi anabonyeza na aliyesimama kibandani anasikia "tik" moja, basi. Siku nyingine hata hiyo tik haipo.

Akaitwa fundi. Akatazama dakika mbili, akasema swichi imekufa. Tukachanga elfu mbili mbili, swichi mpya ikafungwa, na siku ile ile akachaji na betri. Ikafanya kazi siku tatu, ikarudi palepale. Sasa tunaambiwa kumbe ni kadi ya kontroli, na mchango ni elfu kumi kila kichwa. Bumu lenyewe mnalijua lilivyo, hapo wengine wanaongelea chakula cha wiki.

Sasa tuanze na hiyo swichi. Kwa nini ndiyo huwa ya kwanza kushtakiwa? Kwa sababu ndiyo kitu ambacho kidole kinakigusa. Ukibonyeza na kitu kisitokee, akili inasema ulichobonyeza ni kibovu. Lakini swichi ni kituo kimoja tu kwenye safari ndefu: betri, fyuzi, waya wa kwenda, swichi, waya wa kurudi, maungio yote ya njiani, solenoidi, ndipo stata. Kosa linaweza kukaa popote pale, na dalili ikawa ile ile.

Tena angalieni kilichofanyika: vitu viwili vilibadilishwa kwa siku moja, swichi mpya na betri iliyochajiwa. Ilipokubali, nani anajua ni kipi kilichosaidia? Hata kwenye praktiko ya O-level tuliambiwa badili kitu kimoja, vingine viache kama vilivyo.

Vipimo ninavyovitaka ni vinne, na multimita ya bei chee tu inatosha.

Cha kwanza hakihitaji hata multimita. Nenda kibandani uiwashe jenereta kwa funguo yake yenyewe. Hiki tayari tunacho, maana mzee wetu anakifanya kila umeme ukikatika, na inawaka bila tabu. Maana yake dizeli ipo, stata ni nzima, betri ina nguvu ya kutosha. Hao wote waachiwe huru.

Cha pili, fuata nyaya zinazotoka ukutani uone zinaishia wapi. Kuna mifumo ya aina mbili. Kuna ile ambayo swichi ya mbali inatuma amri tu kwenye kadi au relei, kwa mkondo mdogo sana, na kadi ndiyo inaamuru stata. Halafu kuna ile ambayo mkondo wote wa solenoidi unapita kwenye swichi yenyewe. Nimemulika tochi pale kibandani: nyaya zetu mbili zinatoka ukutani na kuingia moja kwa moja kwenye njia ya solenoidi. Kwenye kadi hazigusi! Sasa kadi ya elfu kumi kila kichwa inakwenda kutibu nini?

Cha tatu, pale pale kibandani nyaya hizo mbili zinapoishia, unganisha ncha hizo kwa waya mfupi mnene kwa sekunde moja. Stata ikizunguka, basi kila kitu kuanzia hapo kwenda mbele ni kizima na ugonjwa umebaki kwenye mita 40 za waya, maungio yake na swichi. (Tahadhari: kabla ya hapo zima usambazaji wa dizeli, na pasiwe na mtu mwingine karibu na feni wala mkanda. Ijulikane pia nani yuko kwenye swichi ya ukutani ili asibonyeze wakati mkono wako uko ndani.)

Cha nne ndicho chenye utamu, na ndicho kinachorukwa. Mmoja abonyeze swichi na kuishikilia, mwingine apime volti pale solenoidi inapopokea waya. Nimesema ABONYEZE. Ukipima bila mzigo, au ukitumia ile milio ya "pii" ya multimita kuona kama waya umekatika, unaweza kudanganywa mchana kweupe. Multimita inapitisha mkondo kidogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utalia pii vizuri kabisa, halafu ukiupa kazi ya kweli unagoma.

Tupige hesabu kidogo, wana-Education msikimbie. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa kama omu 12 kwa kilometa. Mita 40 kwenda na 40 kurudi ni 80, kwa hiyo ni karibu omu 1. Tuseme koili ya solenoidi ina omu 1.5. Jumla ni 2.5. Betri ya volti 12 itasukuma ampea 4.8, na solenoidi itaambulia volti 7.2 tu. Zile karibu volti 5 zimeliwa njiani na waya! Ongeza ungio moja lenye ukungu wa kijani linalokula nusu omu zaidi, jumla inakuwa 3, mkondo ampea 4, solenoidi inapata volti 6. Hapo ndipo "tik" inapotoka, inajaribu kuvuta inashindwa. Na ndiyo maana betri ikitoka kuchajiwa inakubali, ikishuka kidogo tu inagoma, wakati kwa funguo ya kibandani inawaka kila siku, maana pale hakuna mita 80 za kulipia ushuru.

Na swichi? Nayo ihukumiwe kwa haki. Pima volti kati ya miguu yake miwili wakati imebonyezwa. Ukiona karibu na sifuri, swichi ni nzima, inapitisha kila inachopewa. Ukiona volti kadhaa zimekwama pale, haya, sasa umeikamata na ushahidi mkononi, inunuliwe nyingine na mimi nitakuwa wa kwanza kutoa.

Mnaona vipimo vinavyotufikisha? Kama ni waya kula volti, dawa yake siyo kadi wala swichi ya tatu. Ni relei moja ya gari, kama zile za honi na taa kubwa, ifungwe kibandani karibu na betri. Koili yake ikiwa na omu 80 hivi, inavuta kama ampea 0.15, kwa hiyo ule waya mrefu utakula volti 0.15 tu badala ya 5. Mkondo mkubwa utapita nusu mita, kutoka betri kwenda solenoidi. Swichi ya ukutani itabaki na kazi nyepesi ya kutoa amri.

Msidhani hii ni shida ya kitaa chetu tu. Kule Marekani kuna watu wenye magari-nyumba, yale makubwa yenye kitanda na jiko ndani, na mengi yana jenereta yake kwenye boma la pembeni au la nyuma. Swichi ya kuiwashia iko juu, karibu na dereva au kitandani. Nyingi za jenereta hizo hutumia ule mfumo wa amri: ukibonyeza unaunganisha tu waya wa kuwashia na upande hasi wa betri. Na wao pia jenereta ikigoma wanairukia swichi, wakati mara nyingi plagi ya nyaya iliyo chini ya gari imekula matope na maji. Swali la kwanza kwao ni lile lile la kwetu: je, kwa swichi yake yenyewe inawaka?

Najua kuna watakaosema, "Wewe mwalimu mtarajiwa, fundi umemfanya nani?" Fundi namheshimu, na vipimo hivi wapo mafundi wanaoviweza kuliko mimi mara kumi. Tatizo ni sisi wateja. Tunamlipa fundi kwa kufunga spea, hatumlipi kwa kutafuta ugonjwa. Akikaa saa nzima anapima akakuta waya mmoja umelegea, akaukaza, tunamwambia "ah, kumbe kidogo tu!" tunampa soda. Akileta kadi ndani ya boksi, tunamlipa bila kelele. Kwa mtindo huo hata mimi ningeuza kadi. Kwa hiyo napendekeza kupima kuwe kazi inayolipiwa peke yake, mapatano kabla, hata kama mwisho wake ni kukaza nati.

Wengine watasema muda hakuna, UE imefika. Vipimo vyote vinne ni nusu saa. Kuchanga elfu kumi kumi, kufuatana vyumbani, kusubiri kadi ije, halafu giza libaki vile vile wiki ya mtihani, hapo ndipo muda unapopotea.

Na hili linatuhusu zaidi sisi tunaosomea ualimu. V sawasawa na IR tumeiandika tangu sekondari, tumeifaulu, tumeisahau, halafu jenereta ikizima tunachanga. Na shuleni tunakokwenda ni hivyo hivyo. Matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, na nchi nzima ikanyoosha vidole: mwalimu, mwanafunzi, mzazi, wizara. Kila mmoja alishtaki kile alichokuwa karibu nacho. Tukiwa na darasa letu, mtoto akishindwa swali, tutafanya nini? Tutasema "huyu mzito" na kuendelea, au tutafuata waya hatua kwa hatua: kusoma swali kaelewa, kanuni anaijua, hesabu ya sehemu ndiyo inayomkwamisha? Mtoto naye hana hatia mpaka apimwe.

Basi, hoja yangu kwa kamati ya hosteli ni hii: mchango usimame mpaka Jumamosi. Jumamosi saa nne asubuhi fundi aje, alipwe pesa ya kupima, na namba za volti ziandikwe kwenye karatasi zibandikwe ubaoni kila mtu azione. Multimita ninayo, nitaileta. Namba zikisema ni kadi, natoa elfu kumi yangu hapo hapo.

Naomba kuwasilisha. Msuli mwema.