Mota Haijali Mbps Zako

Wasee, tumeuziwa neno moja mpaka likatuingia kwa damu: kasi. Mbps 20, Mbps 100, Mbps sijui ngapi. Kila bango la intaneti hapa Nairobi linaimba wimbo huo. Kwa vidio na kupakua gemu, sawa, sina ubishi. Lakini nenda kwa mashine yenye mota kumi zinazofaa kucheza pamoja, ndio uone vile Mbps hazisemi kitu. Msimamo wangu ni huu: ukisoma mitandao bila kusoma saa, umesoma nusu. (Ndiyo, niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliisha. Hesabu hazikuniacha.)

Chukua mashine ya kuchapisha magazeti. Zamani rola zote zilifungwa kwa shafti moja ndefu ya chuma, mota moja kubwa inaizungusha, na kila kitu kinageuka pamoja watake wasitake. Siku hizi mashine nyingi hazina hiyo shafti. Kila sehemu ina mota yake, na kinachozishikanisha ni waya wa mtandao. Sasa piga hesabu nami. Karatasi inakimbia mita 10 kwa sekunde. Mota ya wino mwekundu ikifuata saa iliyo nyuma kwa milisekunde 1 tu, wino unatua sentimita 1 kando. Mheshimiwa anatoka gazetini midomo ikiwa kwa shavu. Ukitaka kosa lisizidi milimita 0.01, mota zote lazima zikubaliane ni saa ngapi ndani ya maikrosekunde 1, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Utaniuliza, mbona YouTube haina hii shida? Kwa sababu inakuchezea akili. Inapakua sekunde kadhaa mbele, mtandao ukikwama kidogo wewe huoni kitu. Mota haiwezi kupakua kesho yake. Amri inayofuata inategemea mota iko wapi sasa hivi, na amri ikichelewa, kuituma tena ni kama kumwambia dereva akate kona baada ya gari kuingia mtaroni.

Na ethaneti haikuzaliwa kwa kazi hii. Bob Metcalfe na David Boggs waliibuni pale Xerox PARC, California, mwaka wa 1973, ili kuunganisha kompyuta za ofisi. Waya ulikuwa mmoja wa wote. Kompyuta mbili zikiongea kwa wakati mmoja, zote zinanyamaza, kila moja inangoja muda wa bahati nasibu, halafu inajaribu tena. Kwa ofisi, poa. Kwa mota, bahati nasibu ni matusi. Swichi zilikuja zikamaliza kugongana, lakini zikaleta foleni: pakiti inasubiri nyuma ya nyingine, saa hii kidogo, saa ile sana.

Sasa sikia vile Wajerumani wa Beckhoff walifanya mwaka wa 2003 na kitu kinaitwa EtherCAT. Unajua vile nauli inapitishwa kwa matatu kutoka kiti cha nyuma, mkono kwa mkono, gari likiendelea? Ndivyo hivyo. Kidhibiti kinatuma fremu moja, inapita kwa kila kifaa, kila kifaa kinachukua amri yake na kuweka jibu lake humohumo, fremu ikiwa bado inasonga. Haisimami kwa mtu. Ikifika mwisho inarudi mbele. Halafu vifaa vyote vinafuata saa ya kifaa kimoja, na muda ambao ujumbe unachukua njiani umeshapimwa na kutolewa. Na huu mtandao ni wa Mbps 100 tu! Pengine tundu la ruta ya kwenu lina uwezo mara kumi ya huo.

Kwa nini nakusumbua na haya? Kuna kiwanda fulani ambapo jamaa yangu alikuwa kibarua. Mtu alichomeka kamera za ulinzi kwa swichi ileile ya mashine ya kupakia, eti zote ni ethaneti, plagi ni moja. Mashine ikaanza kusimama ovyo. Wakabadilisha mota. Wakabadilisha waya. Siku tatu vibarua wanarudishwa nyumbani bila hata bob, mpaka mtaalamu wa nje akaingia kwa kompyuta yake kutoka mbali akauliza, hizi kamera zinafanya nini hapa? Wale mafundi hawakuwa wajinga. Walifundishwa kwamba taa ya kijani ikiwaka, mtandao uko sawa.

Si kila mota inataka mambo makubwa hivi. Pampu ya maji au posho mill haina haraka ya maikrosekunde, na mtu akikuuzia EtherCAT ya kuwasha pampu moja, mkimbie. Lakini roboti, mashine za kukata chuma, mashine za kujaza chupa, huko ndiko mafundi wetu wanafungiwa nje, na hakuna sababu. Upande wa kidhibiti hautaki kadi maalum, tundu la kawaida la ethaneti linatosha. Programu ya SOEM ni ya bure. Linux nayo, baada ya miaka kama 20 ya kazi, mwaka wa 2024 iliingiza ndani yake uwezo wa kufanya kazi kwa wakati halisi, toleo la 6.12. Bei iko kwa draivu na mota, na hapo ndipo vyuo vya ufundi vinafaa kutoa pesa badala ya kununua projekta nyingine.

Kama una laptop nzee, weka Linux leo usiku na uendeshe cyclictest. Itakuonyesha kwa maikrosekunde kompyuta yako inachelewa kuamka kwa kiasi gani. Washa vidio ukiwa hapo. Usiangalie wastani, huo utakupendeza bure. Angalia namba ya mwisho, ile imeandikwa Max, na unitumie.