Mlima Huzungukwa Kwanza Mezani

Jumapili iliyopita nilipanda Uru kumjulia hali dada yangu. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi, wala hakunipokea kwa bashasha yake ya kawaida. "Kaka, afadhali umekuja," aliniambia. "Zungumza na mpwa wako. Anataka kuuzunguka mlima mzima kwa mbio."

Ndugu msomaji, dada yangu alikuwa na haki ya kuhofu. Mwaka jana kijana huyu, ambaye ni fundi wa magari mjini Moshi, alitoka alfajiri kufanya mazoezi upande wa juu wa Materuni bila kumwambia mtu njia atakayopita. Ukungu ukashuka, akapotea makorongoni, na simu ikaishiwa chaji. Majirani walimtafuta kwa kurunzi hadi saa nane za usiku. Alirudi salama, lakini mama yake hajausahau usiku ule.

Mzazi aliyefikwa na jambo kama hilo huona njia mbili tu: kumkataza kijana, au kumwachia Mungu. Mimi niliomba karatasi na kalamu, tukaketi mezani watu watatu.

Nilianza kwa kuwasimulia habari za Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni katika mji wa Keswick, Uingereza. Mwezi wa Juni 1932 alikamilisha mzunguko wa vilele 42 kwa muda usiozidi saa 24, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Hakuwa bingwa wa michezo wa kimataifa. Alikuwa mtu aliyevijua vilima vyake, kwa kuwa alikwisha kuvipitia mara nyingi kabla ya siku yenyewe. Alikuwa na wenzake wa kumsindikiza, na chakula chake kilikuwa mkate na siagi, yai, matunda na peremende. Ilipita miaka 28 kabla ya mtu mwingine kuumaliza mzunguko ule, mwaka 1960.

"Huyo ni Mzungu, mjomba," alisema kijana. Nikamkumbusha habari za Simon Mtuy, mwana wa Marangu na mwongoza wageni mlimani. Mwaka 2006 alipanda Kibo kwa njia ya Umbwe na kushukia Mweka kwa muda usiotimia saa kumi, akijibebea mwenyewe chakula na maji. Baadaye aliandaa mbio za kuuzunguka mlima wetu kwa njia za vijijini, zaidi ya kilomita 250, zikigawanywa katika siku nane. Mtu aliyekijua kilele kiasi hicho aliona vema kuzigawa siku. Huo ndio mzunguko tulioandika kwenye karatasi.

Kwanza tulihesabu saa, si kilomita. Tangu mwaka 1892 wapenda milima hutumia kanuni ya Mskoti mmoja, Naismith: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Hivyo njia ya kilomita 15 yenye kupanda mita 600 ni saa nne za mtembeaji. Mkimbiaji atapunguza, lakini asijidanganye: kutoka Uru hadi Marangu njia za juu hushuka korongo na kupanda jingine, na miguu huchoka zaidi katika kushuka.

Pili, maji. Upande wetu wa kusini kuna mito na mifereji ya mababu; upande wa kaskazini, ng'ambo ya Tarakea, mvua ni haba na maji hapana budi yabebwe. Tatu, usiku. Kati ya Rongai na Kamwanga ndiko kuliko na ushoroba wa Kitendeni, ambao tembo huupitia wakienda na kurudi Amboseli. Sehemu hiyo hupitwa mchana, na mwenyeji akiwapo. Nne, majira: masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia kuwa utelezi, basi tukachagua mwezi wa Julai.

Kijana alitamani kuongeza Kibo katikati ya safari. Hapo nilisema hapana. Kilele kile kina mita 5,895, na hewa nyembamba haimwogopi mwenye mapafu ya ujana. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, dawa ni kushuka. Tena ile ni hifadhi ya taifa. Kupanda kunahitaji kibali na mwongozaji aliyeidhinishwa. Kibo kina siku yake.

Wakati wote huo dada alikuwa kimya. Mara akauliza, "Siku ya tatu utalala wapi?"

"Rombo, mama. Nitatafuta nyumba ya wageni."

"Ya nini kulipa? Shangazi yako ameolewa Mkuu." Akaichukua kalamu. Kabla chai haijapoa alikuwa ameandika jina la ndugu au rafiki mbele ya vituo sita kati ya vinane, na pembeni ya kila kimoja saa ya kupiga simu. Chini kabisa aliandika sharti lake: ikifika saa tisa alasiri naye hajafika nusu ya njia ya siku hiyo, atasimama kijiji kilicho karibu.

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Mwenda mbio naye hana budi ajue pa kukanyaga. Mzazi mwenzangu, usizikatae mbio za mwanao kabla hujauona mpango wake. Nawe kijana, usiombe ruhusa mikono mitupu: leta karatasi yenye njia, saa, maji na majina ya watu. Dada yangu ameitundika ile karatasi ukutani, kando ya kalenda. Bado ana hofu, lakini sasa anajua pa kumtafuta mwanawe.